Kuku na bata uani: kuvuka baridi ya Juni na Julai Lubumbashi

Lubumbashi haianguki theluji, lakini mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia katikati ya Mei baridi ya usiku inauma kwelikweli. Alfajiri ya Juni au Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Saa nane mchana limeshafika 25. Kuku mzima mwenye manyoya kamili, aliyelala ameshiba, anaivumilia baridi hiyo bila taabu, na bata anaivumilia zaidi. Wanaokufa huuawa na unyevu, hewa chafu ya banda lililozibwa, vumbi la kiangazi, na ugonjwa wa Newcastle ambao wengine huuita kideri.

Kwa hiyo chuja ushauri unaotoka nchi za theluji kama Kanada au Urusi. Kule maji huganda ndani ya kopo na upanga wa jogoo, ile nyama nyekundu ya kichwani, hufa kwa barafu. Hapa hakuna haja ya kuwasha moto usiku kucha kwa ajili ya kuku wakubwa.

Anza na banda. Tuko kusini mwa ikweta, hivyo mwezi wa Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na upepo mkavu hutoka kusini-mashariki. Upande wa kusini na wa mashariki ukuta uwe mzima, wa matofali au mbao zisizo na nyufa. Kama ni wavu mtupu, funika kwa turubai au magunia yaliyoshonwa pamoja, kutoka chini hadi juu kidogo ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala. Upande wa kaskazini uache wazi kwa wavu, jua lifike hadi kwenye maranda yaliyotandazwa chini.

Kosa kubwa la majira haya ni kuziba kila tundu kwa kuwaonea kuku huruma. Pumzi ya kuku na kinyesi chake vinatoa mvuke usiku kucha. Mvuke unapanda, unagusa bati lililopoa, unageuka matone, unawadondokea mgongoni na kulowesha maranda. Maranda yakilowa yanatoa amonia, hewa kali inayochoma macho na koo. Koo likishaungua, mafua na magonjwa mengine yanaingia bila kizuizi. Kagua hivi: ingia bandani saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijachomoza, upitishe kiganja chini ya bati. Kikitoka kimelowa, hewa haitoki. Kisha chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa kuku, utulie dakika moja. Macho yakikuwasha kwa dakika hiyo moja, wao wameivuta hewa hiyo tangu magharibi.

Dawa yake ni mwanya wa sentimita 15 hadi 20 chini kabisa ya paa, urefu wote wa ukuta usiopigwa na upepo, ufunikwe kwa wavu wa matundu madogo ili fungo na panya wasipite. Hewa ipite juu ya vichwa, isiwapige kuku wenyewe. Ning'iniza unyoya kwa uzi mahali wanapolala: ukitikisika, kuna upepo unaovuja chini; tafuta ufa uuzibe.

Kila mita moja ya mraba ichukue kuku 4 au 5, si zaidi. Vitulio vya kuku kulalia viwe sentimita 60 kutoka chini, kila kuku apate nafasi ya sentimita 20 hadi 25. Tumia ubao bapa wa upana wa sentimita 5, sio fito nyembamba, maana juu ya ubao bapa kuku anafunika vidole vyake vyote kwa manyoya ya tumbo. Chini weka maranda ya seremala, kina cha sentimita 10, uyageuze kila baada ya siku 3. Yakaminye mkononi: yakibaki donge, ondoa sehemu hiyo, weka makavu. Unga laini wa msumeno usiuweke. Unarusha vumbi, na vumbi kiangazi limeshatosha.

Bata ndio wanaoharibu banda zuri, kwa sababu ya maji. Usiweke maji yao ndani. Chimba nje shimo la mita moja kwa mita moja, kina sentimita 30, ulijaze kokoto, uweke vipande vya mbao juu yake, na beseni juu ya mbao. Maji watakayomwaga yatazama kwenye kokoto badala ya kugeuka tope. Beseni liwe na kina cha sentimita 12 angalau, maana bata asipoweza kuzamisha pua zote, macho yake hushikana kwa uchafu. Kama unawapa maji ya kuoga, wape adhuhuri na uyamwage saa tisa, wakaukie juani kabla ya kulala. Ondoa chakula na maji pamoja jioni; bata mkubwa anafika asubuhi salama. Asile tu bila maji karibu, kwa kuwa chakula kikavu humkwama kooni.

Bata walale chini kwenye nyasi kavu, kona yao ikitengwa kwa mbao za nusu mita. Bata dume asikae na kuku jike: akimpanda humuumiza vibaya.

Chakula kinaongezeka kidogo. Kuku wa mayai anakula gramu 110 hadi 130 kwa siku. Wakati wa baridi muongezee gramu 20 za mahindi makavu saa kumi jioni, yasagike tumboni usiku na kumpa joto. Mahindi na pumba peke yake havileti mayai. Weka soya iliyokaangwa au ndagala waliosagwa, na lengalenga au sombe iliyochemshwa. Mayai yakipungua Juni usishtuke: mchana ni mfupi, na wengine wananyonyoka manyoya.

Vifaranga ndio wanaohitaji moto hasa. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 34, kisha punguza nyuzi 2 au 3 kila wiki mpaka wafikishe wiki 5 au 6. Ukitumia mbabula, yaani jiko la makala (makaa), washa makala nje, ungoje moshi uishe na makala yote yawe mekundu, ndipo uiingize, izungukwe na matofali wasiifikie. Hata isipotoa moshi, mbabula inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua vifaranga na hata mtu aliyelala karibu. Kwa hiyo mwanya wa juu usifungwe kamwe, na chumba chenye vifaranga na mbabula asilale mtu. Njia salama zaidi, na inafaa pia umeme ukikatika: bidoni la lita 5 lenye maji ya moto, lifungwe kitambaa, liwekwe katikati ya katoni yenye nyasi kavu na matundu ubavuni. Badilisha maji yakipoa.

Waangalie wenyewe kuliko kipimajoto. Wakirundikana juu ya bidoni, wana baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, wamezidiwa joto. Wakijibana wote upande mmoja, kuna upepo unaoingia upande wa pili. Vifaranga wa bata wasiokuwa na mama wasiogeshwe. Manyoya yao bado hayana mafuta, wanalowa na kufa.

Chanjo ya Newcastle itolewe kabla baridi haijaanza, Aprili au mwanzoni mwa Mei, irudiwe Agosti. Ya jichoni ni tone moja kwa kila kuku. Ya maji ya kunywa inaharibiwa na klorini ya bomba: tumia maji safi ya kisima, au koroga gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita kabla ya kutia dawa. Chupa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu dukani, la sivyo unawapa maji matupu. Kuku aliyeanza kuumwa usimchanje. Ndege mpya kutoka sokoni akae peke yake wiki 3, hata bata anayeonekana mzima, maana bata huweza kubeba virusi hivyo bila dalili yoyote.

Fyeka majani makavu mita 2 kuzunguka banda, kwa ajili ya mioto ya kiangazi. Turubai la kusini lifunge kwa kamba, usilipigilie misumari: Septemba joto linapanda haraka, na siku hiyo lazima lifunguke.