Somo: Kupima Hali ya Mwamba wa Matumbawe kwa Futikamba na Ubao wa Kuandikia

Ndugu wanachama, picha nzuri ya tumbawe hutuonyesha tumbawe moja kwa siku moja. Takwimu zilizokusanywa mahali pale pale, kwa njia ile ile, mwaka hadi mwaka, ndizo zinazotuambia kama mwamba mzima unakua au unakufa. Ndiyo maana katika somo hili nimechagua njia ya kusoma nukta chini ya futikamba: vifaa vyake ni vichache, na mtafiti mwingine anaweza kuirudia bila kukuuliza chochote.

Hatua ya kwanza: Andika swali la utafiti kabla ya kugusa maji. Anayetaka kujua athari za joto hapimi sawa na anayetaka kujua athari za uvuvi.

Hatua ya pili: Chagua mahali na kina. Tandaza futikamba yenye urefu wa mita 50 ikifuata kina kimoja, kwa kuwa mwanga hupungua kadiri unavyoshuka na aina za matumbawe hubadilika pamoja nao. Sehemu ya kuanzia ipatikane kwa bahati nasibu. Ukianzia pale panapokupendeza macho, utarudi na asilimia kubwa isiyouwakilisha mwamba. Andika alama za GPS, kina, saa na hali ya maji kupwa au kujaa. Tandaza futikamba nne au zaidi zisizogusana, maana mwamba mmoja unaweza kuwa na matumbawe mengi upande mmoja na mchanga mtupu upande wa pili.

Hatua ya tatu: Hesabu samaki kwanza. Baada ya kutandaza, ondokeni na msubiri kama dakika 15 ili samaki waliotishika warejee. Kisha ogelea polepole ukihesabu walio ndani ya mita 2.5 kila upande wa futikamba, eneo la mita za mraba 250 kwa jumla. Wanaopita kwa kasi waandikwe mara tu waonekanapo, na wanaojificha kwenye mianya watafutwe katika mzunguko wa pili. Kadiria pia urefu wa kila samaki, kwani kwa urefu huo uzito wake utakokotolewa baadaye. Watenganishe kwa wanachokula: pono na kangaja wanaokula mwani wasichanganywe na chewa anayewinda.

Hatua ya nne: Soma nukta. Hapa ndipo kazi ilipo. Kila baada ya sentimita 50, simama juu ya futikamba, tazama wima, kisha andika kitu kimoja tu kilicho chini ya alama hiyo: tumbawe gumu, tumbawe laini, mwani, spanji, mwamba mtupu, vifusi au mchanga. Mawimbi yakiyumbisha futikamba, dondosha uzi wenye kipande kidogo cha risasi na uandike pale unapogusa. Kishawishi kikubwa ni alama kuangukia mchanga ilhali tumbawe zuri liko sentimita mbili pembeni. Andika mchanga. Tumbawe hilo nalo lina nafasi yake ya kuangukiwa na alama nyingine, na ukilipendelea mara moja, hesabu yote imepinda.

Hatua ya tano: Pima rangi. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilitengeneza kadi ya rangi yenye ngazi 1 hadi 6, ambayo huwekwa karibu na tumbawe bila kuligusa ili kusoma sehemu yake iliyopauka zaidi na ile iliyokolea zaidi. Rangi ikishuka kwa ngazi mbili, mwani mdogo unaoishi ndani ya mwili wa tumbawe na kulilisha umepungua kwa kiasi kikubwa.

Hatua ya sita: Kokotoa. Kwa nukta 100, tumbawe gumu likiangukiwa mara 34, basi limefunika asilimia 34. Ripoti wastani pamoja na tofauti kati ya futikamba moja na nyingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, tumbawe likiwa jeupe kabisa, niliandike kuwa hai au limekufa?

Jibu: Sogea karibu, ndugu yangu. Lililopauka bado lina ngozi laini inayopitisha mwanga, na mara nyingine utaona polipu, vile viumbe vidogo vinavyounda tumbawe, zikijikunja na kujikunjua. Hilo ni hai, na joto likishuka mapema linaweza kupona. Lililokufa karibuni halina ngozi. Vikombe vya mifupa yake vinaonekana wazi kingo zake zote, na punde mwani huanza kuota juu yake. Liwekee safu yake katika ubao.

Swali: Kwa nini tuhesabu samaki na wanyama wa miiba ikiwa tunachunguza matumbawe?

Jibu: Kwa sababu wao ndio wanaozuia mwani usilifunike tumbawe. Katika bahari ya Karibi, mwaka 1983 na 1984, ugonjwa uliua zaidi ya asilimia 90 ya Diadema, wale wanyama wa duara wenye miiba mirefu myeusi. Mwani ukatapakaa sehemu nyingi, na matumbawe machanga yakakosa pa kushika. Diadema wakizidi mno, nao huusaga mwamba wenyewe, hivyo idadi yao iandikwe kila mara.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nitajuaje kama weupe umesababishwa na joto?

Jibu: Marahaba. Joto hupausha aina nyingi kwa pamoja katika eneo pana, mara nyingi likianzia upande wa juu unaopigwa na jua. Kiti cha pweza mla matumbawe, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, huacha kovu jeupe lenye mpaka mkali, na ukitafuta chini ya ukingo wa karibu mara nyingi utamkuta. Linganisha pia na takwimu za setilaiti za shirika la NOAA la Marekani, linalofuatilia bahari na hali ya hewa, ambalo hujumlisha wiki kwa wiki nyuzi za Selsiasi ambazo maji yamezidi wastani wa mwezi wenye joto zaidi, likihesabu tu wiki zilizozidi kwa angalau nyuzi 1. Jumla ikifika 4, tarajia kupauka. Ikifika 8, tarajia pia vifo, na upange kurudi kwenye futikamba zile zile miezi michache baadaye ili uhesabu yaliyopona.