Jinsi ya Kufuatilia Msisimko wa Ubongo kwa Kupima Mboni ya Jicho

Anayetaka kuona jinsi kemikali za msisimko zinavyobadilisha mawasiliano kati ya maeneo ya ubongo na aanze na mwanga wa chumba, ahakikishe haubadiliki hata kidogo, kwa sababu mboni huitikia mwanga kwa nguvu kuliko inavyoitikia fikra (kamera ya bei ghali haiwezi kufidia kosa hili). Kisha ampe mshiriki hesabu za kichwani, kwanza nyepesi na baadaye ngumu, huku akirekodi kipenyo cha mboni.

Mboni ikipanuka ilhali mwanga ni uleule, mara nyingi ni dalili kwamba lokasi seruleasi, kiini kidogo kilicho katika shina la ubongo, kimeongeza noradrenalini, mojawapo ya kemikali hizo za msisimko, ambayo husambazwa karibu katika gamba lote la ubongo. Kiwango chake cha wastani huamsha vipokezi (sehemu za seli zinazoipokea kemikali hiyo) vya aina ya alfa-2A na kuimarisha miunganisho ya gamba la mbele. Kikizidi, kama wakati wa hofu, vipokezi vya alfa-1 huidhoofisha miunganisho hiyohiyo. Kwa hiyo mboni pana isichukuliwe kuwa ndiyo umakini: ilinganishwe na idadi ya majibu sahihi. Kahawa nayo isinywewe kabla ya kipimo.