Pangaboi la zamani lisilo na jina: namna ya kumjua aliyelitengeneza

Mapangaboi mazito ya chuma cha kusubu bado yanazunguka kwenye nyumba za zamani za Upanga na Kisutu, Dar es Salaam. Mengine huishia kwenye mizani ya vyuma chakavu kwa sababu tu kibao cha jina kimeng'oka. Muuzaji akikuambia "hii ya Mwingereza", usimkubalie wala usimkatalie. Jibu limo kwenye chuma chenyewe, mradi uanze na sehemu ambazo mafundi hawana sababu ya kuzibadilisha: ganda, mikono inayoshika mapanga na bomba la kuning'inizia. Kapasita, beringi, nyaya na rigulata ya ukutani hubadilishwa kila mara, kwa hiyo ushahidi wake ni dhaifu.

Zima umeme kwenye swichi kuu na uhakikishe kwa tesita. Kazi ya kushusha ni ya watu wawili, mmoja ashike mwili wa feni wakati mwenzake anafungua bolti. Piga picha za nyaya kabla hujagusa kitu.

Rangi ndiyo inayoficha mengi, na msasa ndio unaoharibu mengi. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, vumbi lake ni sumu, na msasa hufuta herufi za kina kifupi. Tumia dawa ya kuondoa rangi, glavu mkononi, mahali penye hewa. Kisha zima taa na umulike tochi kwa ubavu, mwanga uteleze juu ya chuma: tundu la ribiti lililozibwa kwa rangi, namba iliyogongwa na alama za kalibu zote huonekana kwa kivuli chake. Weka karatasi nyembamba juu yake na usugue kwa penseli.

Ukikuta matundu mawili madogo yaliyo sawasawa, hapo ndipo kibao kilipokaa. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine kwa milimita, uchore na umbo la doa lililobaki, la yai au la mstatili. Kipimo hicho ukilinganishe na feni ya aina ileile yenye kibao chake. Tunakiamini kuliko mapambo ya ganda, kwa kuwa mapambo viwanda viliigana.

Namba ya patenti ni bahati kubwa. Uingereza ilianza mfululizo mpya kwa 100,001 mwaka 1916, na Marekani ilifika 1,000,000 mwaka 1911. Kwa hiyo, kwenye feni ya kabla ya miaka ya 1960, tarakimu saba zinaelekeza Marekani, si Uingereza, ambayo namba zake zilikuwa bado na tarakimu sita. Itafute kwenye Espacenet, hazina ya patenti iliyo mtandaoni, ni bure. Ila namba ya kalibu siyo patenti: hiyo ni ya kiwanda, na hujirudia kwenye vipande kadhaa vya feni moja.

Meno ya bolti yanataka subira. Weka rula ya chuma juu yake uhesabu meno ndani ya inchi moja. Bolti ya nusu inchi yenye meno 12 ni Whitworth ya Kiingereza, yenye 13 ni ya Marekani. Ya robo inchi haikusaidii, kwani zote mbili zina meno 20. Skrubu ndogo za kufungia nyaya zinadanganya pia: 2BA ya Kiingereza ina kipenyo cha milimita 4.7, na nati ya M5 huingia juu yake ikilegealegea, fundi akadhani ni meno yaliyolika. Kumbuka kwamba viwanda vya India navyo vilitumia meno ya Kiingereza kabla ya kuhamia vipimo vya metriki (milimita), kwa hiyo Whitworth peke yake haitofautishi Birmingham na Kolkata.

Fungua uone kinachozunguka. Kwenye feni nyingi za Uingereza na India za umeme wa AC (mkondo geu, kama wa majumbani), ganda la nje huzunguka na koili hutulia katikati. Hunter za zamani za Marekani ganda limetulia, shafti hutokea chini, na beringi inakaa kwenye bakuli la mafuta. Ukikuta kaboni na komuteta (pete ya vipande vya shaba ambayo kaboni huisugua), hiyo huenda ni feni ya DC, yaani ya mkondo mnyoofu kama wa betri. Usiichomeke kwenye umeme wa TANESCO.

Beringi isome, lakini usiitegemee. Hoffmann ni ya Uingereza, RIV ya Italia, NBC ya India, ila SKF iliuzwa kila mahali.

Pima kila dai kwa tarehe. Crompton Parkinson ilizaliwa kwa muungano wa mwaka 1927, kwa hiyo feni "ya Crompton Parkinson ya 1915" haipo. Andika nchi kwanza, kipindi baadaye, na jina la kiwanda pale tu ushahidi wa aina mbili tofauti unapokubaliana. "Uingereza au India, kabla ya metriki" ni jibu halali, na mnunuzi makini ataliheshimu kuliko jina la kubuni.

Usiiwashe kwa kuijaribu kabla ya kupima insulesheni kwa kipimo cha volti 500, kati ya nyaya na ganda. Ikisoma chini ya megaomu 1, ipeleke kusukwa upya, na umwombe fundi akutunzie kipande cha waya wa zamani na hesabu ya mizunguko ya kila koili. Ya Marekani huenda ni ya volti 110, nayo itataka transfoma.