Nesi, mkunga au tabibu unayetaka kwenda kujitolea nje ya nchi, anzia hapa

Mnanitumia meseji sana mkiuliza mtu anaendaje kujitolea kwenye hospitali za nje, basi leo naandika yote kwa pamoja. Mi ni nesi, nimesajiliwa Tanzania, nilikaa miezi tisa kwenye hospitali moja ndogo Kivu Kusini, kwa hiyo mengi nitakayosema yanatoka kule Kongo, ila hatua zenyewe hazitofautiani sana hata kama unaelekea Sierra Leone au Chad.

Kabla hujatafuta shirika lolote jiulize hivi: kile ninachotaka kwenda kukifanya kule, hapa nyumbani naruhusiwa kukifanya peke yangu? Kama hapa huruhusiwi kutoa kondo la nyuma kwa mkono bila mtu kukusimamia, basi kule pia huruhusiwi, hata kama daktari hayupo na foleni imefika getini na kila mgonjwa anakuita daktari. Wengi wetu tumewaona wanafunzi wa ng'ambo wanakuja hapa likizo wiki tatu, wanapewa kushika vitu ambavyo kwao wasingekaribishwa hata kuviangalia, na tukikaa chai tunaumia maana yule mama aliyelala pale ni mama yetu. Sasa na sisi tusiende kuwafanyia wenzetu hivyohivyo. Mi nalirudia hili kwa kila anayeniuliza kwa sababu nimeona lina uzito kuliko pasipoti na tiketi.

Haya, uzoefu. Mashirika mengi makubwa yanataka angalau miaka miwili ya kazi baada ya kumaliza chuo. Najua wengi wenu mnajitolea kwenye zahanati na vituo vya afya mkisubiri ajira, hiyo pia ni kazi na inahesabika, lakini lazima uwe na barua. Mwombe inchaji wako, yaani msimamizi wa wodi au kituo, akuandikie barua yenye mhuri, iseme ulianza lini ukamaliza lini, wodi gani, na ulifanya nini hasa, siyo ile barua ya mistari miwili "alikuwa kijana mwenye bidii". Kuna mdogo wangu mmoja tulisoma chuo kimoja, alikuwa na miaka mitatu ya leba ila hakuwa na karatasi hata moja, akaanza kuzunguka kutafuta mainchaji waliokwisha kuhamishwa, nafasi ikampita.

Leseni iwe hai, na iendelee kuwa hai kwa muda wote utakaokuwa nje. Halafu baraza lako, liwe la uuguzi na ukunga, la madaktari au la maabara, linatoa cheti cha kuthibitisha kwamba uko vizuri kitaaluma na huna kesi ya nidhamu. Hicho usikiombe mapema sana maana hakidumu muda mrefu, kiombe ukishajua unaenda wapi. Na uulize shirika waziwazi: nani ananisajili kwenye baraza la nchi ile? Viza ya utalii haikupi ruhusa ya kugusa mgonjwa. Shirika likikwambia "hilo usijali, ukifika tu unaanza kazi", hapo ujali.

Sasa mashirika yenyewe. UNV ni mpango wa Umoja wa Mataifa wa watu wa kujitolea, makao makuu yako Bonn Ujerumani, unafungua akaunti kwenye mtandao wao unajaza wasifu wako na unaomba nafasi, wanaochaguliwa wanapata posho ya kujikimu kila mwezi na bima. Madaktari Wasio na Mipaka, yaani MSF, walianzishwa Ufaransa 1971, wao wanakupa mkataba na malipo kabisa, ila moyo wa kazi ni uleule, na kule kwao ukijua Kifaransa unatafutwa maana kazi nyingi ziko Kongo, Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mercy Ships ni meli za hospitali zinazotia nanga kwenye bandari za Afrika na kufanya upasuaji bure, lakini wao anayejitolea anajilipia nauli na gharama zake nyingine, kwa hiyo piga hesabu zako au tafuta wafadhili kanisani na kwa ndugu kabla hujajaza fomu.

Hapo kwenye hela tuelewane vizuri. Kujilipia gharama zako kwa utaratibu ulioandikwa wazi ni jambo moja, na mtu anayekupigia WhatsApp anataka laki tatu "ya prosesi" ni jambo lingine kabisa. UNV na MSF hawatozi hela kuomba nafasi wala kufanya intavyuu. Ukiombwa utume kwa simu kwenye namba ya mtu binafsi, acha. Na ukifika kule pasipoti yako inakaa kwako.

Makaratasi: pasipoti yenye zaidi ya miezi sita mbele (hapa kwetu ni shilingi 150,000), cheti cha polisi cha tabia njema, vyeti vya shule na chuo vilivyothibitishwa, na kama ni nchi ya Kifaransa vitafsiriwe na mtu anayetambulika. Kama umeajiriwa serikalini usiondoke kimyakimya, omba ruhusa ya likizo bila malipo kwa maandishi, la sivyo utarudi ukute jina limeondolewa kazini.

Chanjo anza nazo mapema. Homa ya manjano unachoma mara moja, na tangu Julai 2016 kadi yake ni ya maisha, ila inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano kwa hiyo usichome jana yake ya safari. Homa ya ini B ni sindano tatu, ya pili baada ya mwezi na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza, unaona mwenyewe hapo nusu mwaka umeshakwisha. Usijidanganye kwamba malaria huwezi kuugua kwa sababu umekulia kanda ya ziwa, lala kwenye chandarua.

Ukifika kwenye intavyuu na wewe uliza. Mi ningeuliza haya: nikichomwa na sindano saa nane usiku, dawa za PEP, zile za kuzuia maambukizi ya VVU, zipo palepale? Maana zinatakiwa zianze haraka na siyo zaidi ya saa 72, halafu unameza siku 28. Nikiugua sana, nani ananitoa, kwa ndege au gari, na nani analipa? Vita ikikaribia tunaondoka vipi? Hili la mwisho siyo la kutishana, mji wa Goma kule mashariki ya Kongo uliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu, mji mkuu wa Kivu Kusini, ukafuata Februari, na wahudumu waliendelea kupokea majeruhi muda wote huo. Wenzangu niliofanya nao kazi walikuwa hukohuko na mi nilikuwa nimekaa Mwanza na simu mkononi sipati usingizi.

Lugha sasa, na hapa ndo mtu wa Kiswahili ana bahati. Mashariki ya Kongo utaongea na mgonjwa moja kwa moja bila mkalimani, hicho ni kitu kikubwa mno. Ila usijifanye unajua. "Mtoto anaumwa" wao watakwambia "mutoto iko mugonjwa", dripu wanaita serumu, na ukimwamkia bibi shikamoo anaweza kukuangalia tu, wewe msalimie kwa "jambo". Usiwacheke wala kuwasahihisha, wewe ndo mgeni.

Na faili la mgonjwa limeandikwa Kifaransa, hapo ndo panapotisha. Kwanza desimali wanaandika kwa koma badala ya nukta, 0,5 ni nusu, na 1,500 ni moja na nusu, siyo elfu moja na mia tano. Pili kipimo cha sukari wengi wanasoma kwa mg/dl, wakati sisi tumezoea mmol/l. Siku zangu za mwanzo niliambiwa sukari ya baba mmoja ni 95 nikashtuka moyo ukaenda mbio, kumbe ukigawa kwa 18 inakuwa kama 5.3 ya kwetu, yuko salama kabisa. Mkunga mmoja mzee wa pale alinikalisha jioni nzima akanifundisha kusoma chati zao, nikawa kila dozi nisiyoielewa namsomea kwa sauti kabla ya kuchoma. Fanyeni hivyo. Na mkipata miezi minne mitano kabla ya kwenda, someni Kifaransa, Alliance Française ziko Dar, Arusha na Nairobi.

Wodini matroni wa pale, yaani mkuu wa manesi, ndo bosi wako hata kama shirika lako ndo limeleta dawa. Kama gloves ni chache na wao wana utaratibu wao, uliza kwa nini kwanza. Picha za wagonjwa usipige, na za watoto kwenye utapiamlo ndo kabisa, mzazi hawezi kukukatalia wakati anaona maisha ya mwanae yako mikononi mwako.

Wiki mbili kabla ya kuondoka kule kurudi nyumbani anza kukabidhi, andika wagonjwa wako wa kisukari na wa presha wote, dawa wanazotumia na tarehe ya kurudi, mpe nesi anayebaki na mpitie naye kitanda kwa kitanda.

Ukisharudi nyumbani, ndani ya wiki tatu ukapata homa, usijinunulie dawa duka la dawa. Piga simu kwanza hospitali, uwaambie ulikuwa nchi gani na wodi gani kabla hujaingia kukaa na watu kwenye benchi, maana Ebola na homa ya Lassa zinaweza kukaa mwilini mpaka siku 21 kabla ya dalili na mwanzoni zinafanana na malaria kabisa. Wapime malaria, ndiyo, lakini wakiwa wanajua unatoka wapi.