Jinsi ya kuandika "lake" ya Kiingereza (ziwa) kwa Kijerumani bila kumpeleka mgeni baharini

Wenye boti na magesti wa hapa Kigoma wananiletea sana vipeperushi vya Kiingereza niviweke Kijerumani, na neno linalotaka umakini kuliko yote ni hilo "lake", kwa hiyo naweka hapa ninavyofanya, hata usiponipata uweze kufanya mwenyewe.

Kwanza jiulize ni maji gani. Ziwa la asili kama Tanganyika ni See, tamka zee. Bwawa la Igombe kule Tabora ni Stausee, na kile kidimbwi cha kuchimba ufuge perege ni Teich tu, usikipandishe cheo.

Pili, na hapa ndo pa kukaa kabisa: der See ni ziwa, die See ni bahari, herufi zile zile, matamshi yale yale, kinachotenganisha ni hicho kineno cha mbele, na chenyewe kinabadilika kufuata sentensi: baada ya an ya "kando ya", der ya ziwa inageuka dem (an dem inafupishwa am), na die ya bahari inageuka der. Ukiandika am See mgeni anajua gesti iko kando ya ziwa, ukiandika an der See anajua iko pwani, na yeye kakata tiketi ya treni kuja huku bara! Ndani ya ziwa ni im See, juu yake auf dem See. Ukikuta auf See bila kitu katikati, toa, hiyo ni ya meli iliyo baharini. Nordsee na Ostsee ni bahari, zinachukua die. Bodensee ni ziwa kweli, linachukua der.

Tatu, jina. Wajerumani wanabandika See mwishoni na kuandika neno moja: Tanganjikasee, kwa j, na Viktoriasee. Yakiwa mengi ni Seen, tamka zee-en.

Ufukwe wa ziwa ni Ufer, pakiwa na mchanga wa kuogelea Strand. Küste waachie watu wa pwani.

Sasa jipime na sentensi hii: Die Liemba fuhr auf dem Tanganjikasee, yaani meli ya Liemba ilisafiri kwenye Ziwa Tanganyika. Wageni wa Kijerumani wanaiulizia sana meli hiyo maana ilijengwa kwao Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaja kuunganishwa hapa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915, so lazima utaiandika. Hiyo die ni ya meli, kwao majina ya meli ni ya kike, ila dem ndo ya ziwa. Ukisita fungua kamusi ya Duden mtandaoni, tafuta See, utaona ziwa na bahari kila moja na jinsia yake, afu ndo upeleke kwa mchapaji.