Namna ya Kubishana Barazani kuhusu Nauli, Treni na Uhuru wa Kusema

Mabishano ya barazani huanza na jambo dogo linaloweza kupimwa, kama nauli ya teksi au ratiba ya basi, na kabla muuza kahawa hajamimina kikombe cha pili yanakuwa yamegeuka mabishano juu ya chama cha mtu, kabila lake au elimu yake. Nimekaa katika kijiwe kimoja cha Ilala, Dar es Salaam, kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo wenzangu wamenipa kazi ya kuongoza mazungumzo ya jioni. Nimeona ndugu wawili wakinyimana salamu mwezi mzima kwa sababu ya kamisheni ya teksi mtandao, yaani teksi zinazoitwa kwa programu ya simu, ilhali hakuna kati yao aliyekuwa na uwezo wa kuibadilisha. Nayaandika maelekezo haya kwa sababu naamini kwamba baraza ni mahali pa thamani: ndipo anaposikilizwa mtu asiye na gazeti, redio wala kiti bungeni.

Kazi ya kwanza ya anayeongoza ni kuwataka wasemaji wageuze kauli zao ziwe maswali, kwa kuwa kauli kama "teksi mtandao ni unyonyaji" haina mahali pa kuishika. Ndani yake mna maswali manne yaliyofungwa fundo moja. Kuna swali la tukio, yaani kilichotokea na siku kilipotokea, ambalo humalizwa kwa kumbukumbu iliyoandikwa. Kuna swali la sheria, yaani nani amepewa mamlaka ya kupanga nini, ambalo humalizwa kwa kufungua sheria yenyewe na kuisoma. Kuna swali la hesabu, yaani nani anapata kiasi gani na nani anakipoteza, ambalo humalizwa kwa kalamu na karatasi. Mwisho kuna swali la haki, yaani ingefaa mambo yawe vipi, na hili peke yake ndilo linalostahili kubishaniwa hadi adhana ya isha. Ubishi mwingi mbaya niliousikia ulitokana na watu kulijibu swali la haki wakidhani wanajibu la tukio, au kupandisha sauti juu ya jambo la hesabu ambalo mtoto wa darasa la tano angelimaliza kwa dakika mbili.

Chukua ugomvi huo wa teksi mtandao, kwa sababu unakusanya teknolojia, usafiri na siasa kwa pamoja. Tukio lilikuwa hivi: mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni ya programu inaweza kumkata dereva, mwezi Aprili mwaka huohuo kampuni ya Uber ikasimamisha huduma zake nchini Tanzania, baadaye kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25, na Januari 2023 kampuni hiyo ikarejea. Haya hayana haja ya kubishaniwa. Mwambie mwenye kuyakataa alete kumbukumbu yake, nawe uwe na yako, kisha mwendelee. Swali la sheria nalo ni fupi, kwa kuwa LATRA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2019 ikachukua majukumu ya usafiri wa nchi kavu yaliyokuwa ya SUMATRA, mamlaka iliyoitangulia, na kusimamia nauli za vyombo vya abiria ni sehemu ya kazi yake. Anayesema kwamba serikali haina haki ya kugusa bei ya kampuni binafsi anasema maoni yake kuhusu namna sheria ingefaa iwe, naye ana ruhusa kamili ya kuyasema, ila atambue kwamba amekwisha kuhama kutoka swali la pili kwenda la nne.

Kwenye hesabu ndipo ninapowashauri watu wakae muda mrefu, maana hapo maneno makali huyeyuka. Tuseme abiria amelipa shilingi 10,000. Kwa asilimia 25 kampuni inachukua 2,500 na dereva anabaki na 7,500. Kwa asilimia 15 dereva anabaki na 8,500. Tofauti ni shilingi 1,000 kwa safari moja, na kwa safari kumi za siku ni shilingi 10,000. Lakini dereva huyo bado hajaweka mafuta, na kama gari si lake bado hajapeleka "hesabu", yaani fedha anazodaiwa na mwenye gari, kwa bosi. Hapo swali jipya hujitokeza lenyewe: je, kinachombana dereva zaidi ni kamisheni ya kampuni, bei ya mafuta, au hesabu ya mwenye gari anayekaa kimya nyumbani? Jioni moja swali hilo lilinyamazisha kijiwe chetu kizima, kwa sababu mzee aliyekuwa akiilaani kampuni kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa na magari mawili barabarani. Hakuna aliyemcheka, na ninashukuru kwamba hakuchekwa, maana alivuta pumzi kisha akaanza kueleza gharama za matairi na bima, tukajifunza upande ambao hatukuwa tumeusikia.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba jambo lolote linalojadiliwa lipewe mtu linayemgusa. Kama mada ni nauli, mtafute kondakta; kama ni tozo ya miamala ya simu, mwite mama lishe wa jirani, ambaye anapokea malipo ya chakula kwa simu tangu asubuhi na anajua ni shilingi ngapi zilikatika. Tozo ilipoanza Julai 2021, kisha ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba, wanaume wengi wa vijiwe waliizungumza kama habari ya bungeni, ilhali mwanamke aliyekuwa hatua kumi kutoka walipokaa alikuwa ameiandika kwenye daftari lake la mauzo siku hadi siku. Baraza zetu zina kasoro hii ya kuwaacha wanawake nje ya duara, na anayeongoza asingoje waombe nafasi. Amsogezee mama kiti, amwulize kwa heshima, kisha azuie mtu yeyote kumkatiza.

Sasa kuhusu ushahidi. Namba isiyo na mwaka, kipimo na mahali ilipotoka isipokelewe, hata kama imesemwa na msomi. Mtu akionyesha picha ya skrini, mwulize ukurasa wenyewe uko wapi, na kama hawezi kuufungua, picha hiyo iwekwe kando bila kumtukana aliyeileta. Sauti zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa siku hizi akili mnemba inaweza kuiga sauti ya kiongozi kiasi cha kumdanganya hata anayemsikia kila siku redioni. Kanuni yetu ni kwamba sauti au video inayomtaja kiongozi haijadiliwi mpaka ipatikane taarifa ya ofisi husika au ya chombo cha habari kinachojulikana, na kama haijapatikana jioni hiyo, mada inasubiri. Wapo wanaolalamika kwamba kwa kanuni hii tunachelewa kuzungumza habari za moto. Tunachelewa, ni kweli, na sioni hasara yake.

Ubishi unaopendwa kuliko wote ni wa treni: ya Kenya au ya Tanzania, ipi bora? Ukiuacha uende hivyohivyo utageuka wimbo wa bendera. Kwanza wakumbushe watu yanayofanana na yanayotofautiana. Reli zote mbili ni za kipimo cha kimataifa, milimita 1,435 kati ya chuma na chuma, tofauti na reli ya zamani ya milimita 1,000. Treni ya abiria kati ya Mombasa na Nairobi ilianza mwaka 2017 nayo inavutwa na injini za dizeli. Ya kutoka Dar es Salaam ilianza kwenda Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, nayo inatumia umeme na imesanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Kisha uliza: bora kwa kipimo kipi? Anayepima kwa kasi atapata jibu moja, anayepima kwa mzigo unaotoka bandarini atahitaji takwimu tofauti kabisa, anayepima kwa deni atalazimika kusoma masharti ya mikopo, na abiria wa kawaida atapima kwa nauli, kwa umbali wa stesheni kutoka mjini na kwa jinsi treni inavyotunza saa. Mtu akibadilisha kipimo katikati ya mazungumzo kwa sababu cha kwanza kimemshinda, anayeongoza amtajie kwa upole kwamba kipimo kimehama, basi. Mara nyingi hilo linatosha.

Jambo kama hilo hutokea katika mada ya mwendokasi. Mabasi hayo yalianza kubeba abiria kati ya Kimara na katikati ya jiji Mei 2016, na tangu hapo nimesikia mara nyingi kwamba "mradi umeshindwa". Mwulize msemaji anazungumzia kipi: njia maalumu ya mabasi, idadi ya mabasi yaliyopo, mfumo wa tiketi, au karakana ya Jangwani, ambayo imejengwa katika bonde la Mto Msimbazi na imefurika maji mara kadhaa wakati wa mvua kubwa? Kosa la kuchagua mahali pa kujenga na kosa la kutonunua mabasi ya kutosha yana wahusika tofauti na tiba tofauti. Anayeyachanganya anawapa wahusika wote nafasi ya kujificha nyuma ya wenzao, na hilo linaniuma, kwa kuwa anayesimama kituoni saa mbili ndiye anayelipia.

Mada ya uhuru wa kusema inahitaji maandalizi kuliko zote, kwa sababu wanaobishana wako ndani ya jambo wanalolibishania. Anzeni na maandishi. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 imeandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo hapana kisingizio cha kutoisoma: Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, pamoja na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, nayo Ibara ya 30 inaeleza mipaka ya haki hizo. Isomwe ya 18 na isomwe ya 30 papo hapo, maana wanaopenda uhuru husoma ya kwanza wakafunga kitabu, na wanaopenda utulivu hurukia ya pili. Kisha wasomeeni watu kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kinachohusu kuchapisha taarifa za uongo katika mfumo wa kompyuta, ambacho adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Mimi naamini kwamba adhabu hiyo ni nzito kupita kiasi, hasa kwa kuwa sheria imeweka kiwango cha chini ambacho hakimu hawezi kukishusha, na nimelisema hilo barazani mara nyingi. Wapo ninaowaheshimu wanaosema kwamba uongo wa mtandaoni umevunja ndoa na biashara za watu, na kwamba sheria laini haitamtisha yeyote. Hilo ni swali la nne, na tunalibishania kwa amani kwa sababu maswali mengine matatu tumekwisha kuyamaliza.

Inafaa pia kuonyesha kwamba sheria za kusema hubadilika watu wanapozijadili na kuzipeleka mbele ya vyombo vinavyohusika. Sheria ya Takwimu ya Tanzania ilirekebishwa mwaka 2018 ikafanya kuwa kosa kutoa takwimu za kupotosha au kupinga zile rasmi, kisha mwaka 2019 ikarekebishwa tena na kosa hilo likaondolewa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha mwaka 2016 kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano kilichokuwa kikitumika dhidi ya watu walioandika mitandaoni, kwa sababu kilikuwa kipana na chenye maneno yasiyoeleweka vizuri. Nchini Uganda, kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii ilianza Julai 2018 na ikafutwa mwaka 2021, ingawa badala yake iliwekwa kodi ya asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Mifano hii humtoa mtu katika unyonge wa kusema kwamba hakuna kinachobadilika, na vilevile humtoa katika pupa ya kudhani kwamba kila ushindi ni kamili.

Kwa anayesema, ushauri wangu wa kivitendo ni kutenganisha maoni na madai. "Naona uamuzi huu umewaumiza madereva" ni maoni. "Mkurugenzi fulani amekula fedha" ni dai juu ya mtu, na anayelitoa lazima awe na karatasi mkononi. Kama hana, na aseme anachokijua kwa hakika, kwa mfano kwamba fedha zilitengwa na kituo hakijajengwa, kisha aulize kwa nini. Swali la namna hiyo lina nguvu kuliko tuhuma, kwa kuwa mwenye kuulizwa hawezi kulikwepa kwa kumshtaki muulizaji, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu mwananchi kuliandika na kulipeleka katika ofisi ya umma. Sisi tumewahi kuandika barua ya namna hiyo kuhusu taa za barabarani. Ilituchukua jioni tatu kukubaliana maneno yake, na zilikuwa jioni bora kuliko nyingi tulizowahi kupigizana kelele.

Mtu akikubali kwamba alikosea, mshukuru mbele ya watu kisha mwendelee na mada bila kurudi nyuma, na kamwe usimkumbushe wiki inayofuata, kwa sababu ukimkumbusha hatakubali tena, wala wengine waliomwona hawatakubali. Na swali likibaki bila jibu muda ukiisha, liandikwe kwenye daftari la kijiwe pamoja na jina la aliyejitolea kutafuta hati inayohusika. Jioni inayofuata, kabla ya kahawa, daftari hufunguliwa na mtu huyo ndiye huanza kusema.