Kokotoa mwenyewe mafao yako ya wiki ukiachishwa kazi Texas

Ndugu wengi ninaowasaidia kujaza maombi huuliza, "Afisa atanipa ngapi?" Afisa hapangi. Kiwango kimo katika sheria ya jimbo, na unaweza kukipata kwa kalamu na karatasi kabla barua ya Texas Workforce Commission, idara ya jimbo inayosimamia mafao haya, haijafika. Idadi ya watoto na kodi ya nyumba havimo katika hesabu. Kinachotazamwa ni mshahara ambao mwajiri aliuripoti.

Hatua ya 1: Tafuta miezi inayohesabiwa. Robo za mwaka huanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Chukua robo tano za mwisho zilizokwisha kabla hujaomba, kisha acha ile ya karibuni zaidi. Aliyeomba Agosti 2025 alipimwa kwa mshahara wa Aprili 2024 hadi Machi 2025.

Hatua ya 2: Jumlisha mshahara wa kila robo peke yake, kabla ya makato. Pesa za kuendesha Uber au za fomu ya 1099 (ya malipo ya kazi za kujitegemea) usizitie.

Hatua ya 3: Robo yenye pesa nyingi kuliko zote, igawe kwa 25. Tuseme dada wa ghalani Houston alipata dola 7,000, kisha 8,000, kisha 9,500 kwa ajili ya ovataimu za mwisho wa mwaka, kisha 7,500. Gawa 9,500 kwa 25, unapata dola 380 kwa wiki. Kuna kiwango cha chini na cha juu, na hupangwa upya kila Oktoba.

Hapa tarehe ya kuomba ina uzito. Kama robo yako nono ndiyo iliyoachwa nje na robo mpya inaanza wiki ijayo, piga hesabu zote mbili kwanza. Lakini usikae miezi ukingoja: ombi huanza Jumapili ya wiki uliyoomba, na wiki zilizopita kwa kawaida huzipati tena.

Hatua ya 4: Hakikisha unastahili. Uwe na mshahara katika robo mbili au zaidi, na jumla yake ifike mara 37 ya mafao ya wiki. Dada yetu anahitaji 14,060, anazo 32,000.

Hatua ya 5: Pima yatadumu muda gani. Zidisha 380 kwa 26, ni 9,880. Asilimia 27 ya 32,000 ni 8,640. Sheria hutoa kilicho kidogo, kwa hiyo mafao yake yataisha baada ya wiki 22 na ushei. Watu wengi hudhani wiki 26 ni haki ya kila mtu, wakapanga bajeti hivyo na kuumia.

Hatua ya 6: Ukipata kibarua, kiripoti katika wiki uliyofanya kazi, hata kama hujalipwa. Pato la kibarua lisilozidi asilimia 25 ya mafao yako ya wiki, kwa dada yetu dola 95, halikatwi. Akipata 150, zinakatwa 55 na analipwa 325.

Usichukue hesabu ya binamu aliyeko Columbus: jimbo lake la Ohio lina hesabu yake, huanzia nusu ya wastani wa mshahara wa wiki.

Hatua ya 7: Barua ikifika, linganisha kila robo na hati zako za mshahara. Mwajiri wako yeyote akikosekana katika barua hiyo, tuma hati hizo mara moja, na kata rufaa ndani ya siku 14 tangu tarehe barua ilipotumwa, si tangu ulipoifungua.